Machozi Ndani ya Helmeti

Katika basi la kwenda katikati ya Indianapolis, Marlys, muuguzi mstaafu, aliacha kufuma ili asikie vizuri. Mbele yake baba mmoja alikuwa akimwonyesha dada asiyemjua picha ya bintiye Tenley, wa miaka minane, ndani ya kigari cha mashindano.

"Anaupenda mchezo huu mpaka analia," alisema.

"Hata mimi nililia, miaka sita," dada akajibu. "Ndani ya helmeti. Baba alidhani ni jasho."

"Lakini ulishinda?"

"Makombe thelathini na moja."

"Si unaona! Ulikufaa."

"Sana. Mpaka leo usukani siushiki. Ndiyo maana napanda basi."

Huyo baba kwisha, Marlys aliwaza kwa furaha. Baba aliitazama picha, kisha akauliza taratibu, "Kona ya mwisho inamsumbua. Wewe ulifanyaje?"

"Muulize kwanza kama anataka, kaka."

"Nitamuuliza. Lakini kona?"

Dada alifumba macho. Mikono yake ikainuka, ikashika usukani usiokuwepo. "Asikanyage breki mpaka auone ukuta," alisema, uso uking'aa kama wa mtoto. Basi likasimama, naye akateremka bila kuaga.