'Malineo Lebenya, Aliyevaa Nyeusi Mara Moja

Mchungaji, wazee wa kanisa, chifu wetu, akina mama wa Alhamisi mliojaa hapa mbele na blauzi zenu nyekundu, majirani, na nyote mliopanda mlima huu katika baridi ya Juni, familia ya Lebenya imenipa mimi, Tefo, mtoto wa dada wa mume wa marehemu, kazi ya kusoma maisha yake, na nadhani walinichagua kwa sababu sauti yangu inafika hadi zizini bila kipaza sauti, na pia kwa sababu mama yangu, 'Matefo, ambaye jina lake litasikika sana katika historia hii na si mara zote kwa sifa, amesema mwenyewe kwamba yote yasemwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1941 katika kijiji cha Ha Ramakhula, wilayani Mafeteng, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Kelebone Ramakhula na mkewe, akapewa jina la Nthatisi, na kwa kuwa kaka zake walikuwa malishoni na ng'ombe, yeye ndiye aliyepelekwa shule, akasoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka 1949 hadi alipomaliza darasa la sita mwaka 1956. Waliosoma naye wanasema mwalimu wa kwaya alikuwa akimsimamisha mstari wa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa kuwa akiimba mbele wenzake hawasikiki, na hiyo sauti mnaijua wenyewe, haikupungua hata uzeeni.

Tarehe 3 Juni 1961 alifunga ndoa na mjomba wangu Sekhobe Lebenya, kijana mtanashati aliyechimba dhahabu kule Free State, Afrika Kusini, ng'ombe wakafika, ngoma ikachezwa siku mbili, na wakwe zake wakampa jina la ndoa, 'Malineo, yaani mama yake Lineo, wakati huyo Lineo mwenyewe hajafikiriwa, lakini bibi arusi akaitika, na Lineo akazaliwa tarehe 2 Machi 1963, akafuatiwa na mdogo wake Molefi tarehe 19 Novemba 1966.

Mwezi Januari 1969 mjomba Sekhobe aliaga, akajifunga blanketi lake, akapanda basi la kurudi mgodini, na hakuonekana tena, hakuandika, hakutuma salamu, wala waliotoka huko hawakuwa na habari zake. Kwetu mtu wa namna hiyo tunamwita lekholoa, aliyemezwa na migodi, na jina lake tunalo, lakini mke wa lekholoa hana jina, si mke kwa sababu mume hayupo, si mjane kwa sababu hakuna maiti, akicheka watu wanamtazama, akilia wanamuuliza unamlilia nani. 'Malineo alikuwa na miaka ishirini na saba wakati huo.

Hakukaa akisubiri kuhurumiwa. Mwaka 1971 alijiandikisha katika ile kazi ya barabara tuliyoiita fato-fato, ambapo wanawake walivunja mawe na kulipwa unga, mafuta na maharage, akavunja mawe, akabeba mawe, na kufikia mwaka 1976 alikuwa msimamizi wa kundi la wanawake arobaini, na ile barabara mliyopita leo kutoka mtoni hadi hapa, ambayo magari yenu yameilalamikia, ni mikono ya huyu mama iliyoitoa mlimani, kwa hiyo mlalamike kwa adabu.

Lakini kila Alhamisi, akina mama walipokutana kuomba, huyu mwenye sauti kubwa alikaa benchi la mwisho, na zamu yake ilipofika alisimama, akasema "Niombeeni," akaketi. Baadaye sana alimweleza binti yake kwamba hakujua aombe nini, kwani akimwombea Sekhobe kama mtu aliye hai ataonekana mpumbavu, na akimwombea kama marehemu ataonekana anamtakia kifo, basi aliona afadhali aubebe mzigo wake kimya kuliko kuutua pasipo pake.

Mwezi Agosti 1977 mwanamume mmoja wa kijiji cha jirani alirudi kutoka migodini akiwa na blanketi, akasema mwenye blanketi hili aliangukiwa na mwamba, amezikwa huko huko, na bibi yangu, mama mzazi wa Sekhobe, alipoligeuza akaona tundu la cheche ya moto alilokuwa amelishona mwenyewe kwa uzi mwekundu, akapiga yowe. Msotho humjui kwa uso akiwa mbali, unamjua kwa blanketi lake, na hakuna aliyeuliza swali la pili. Tulichimba kaburi kule chini ya zizi, tukalizika lile blanketi kwa heshima zote, mimi nilikuwepo, na mama yangu, akiwa dada mkubwa wa Sekhobe, ndiye aliyemvika 'Malineo nguo nyeusi za ujane.

Alizivaa mwaka mzima bila kupunguza siku, hakupeana mkono na mtu, hakupaza sauti, jua likielekea kuzama alikuwa ndani, kanisani aliingia wa mwisho na kutoka wa mwisho, mpaka Jumamosi tarehe 9 Septemba 1978 alipovuliwa, akanyolewa, akaoshwa, nguo zikachomwa moto hadi zikawa jivu, na Alhamisi iliyofuata, akiwa katika blauzi yake nyekundu, alitoka benchi la mwisho akaenda mbele kabisa, akapiga magoti, akaomba maneno ambayo akina mama waliokuwepo bado wanayasema kwa moyo, "Bwana, miaka tisa nimembeba huyu mume mgongoni, nane nikimbeba mzima, mmoja nikimbeba maiti, na uzito ni ule ule, sasa namtua chini hapa miguuni pako, kama yuko kwako mpokee, kama yuko pengine wewe ndiye unayepajua, mimi mgongo wangu nauhitaji, nina watoto wawili na barabara haijaisha." Kisha akaanzisha wimbo, na wanasema madirisha yalitetemeka. Kuanzia siku hiyo alikuwa mtu mwingine, alicheka barabarani, alilima, aliimba, akamsomesha Lineo hadi akawa muuguzi, na Molefi hadi akawa dereva wa greda, na huyo Molefi ndiye anayeisawazisha barabara ya mama yake kila mvua zikiisha.

Alhamisi tarehe 12 Aprili 1984 akina mama walikuwa wanatoka kwenye maombi wakati basi liliposimama, akashuka mtu mwembamba mwenye sanduku na kikohozi, naye alikuwa mjomba Sekhobe. Mmoja wa akina mama, ambaye yuko hapa na simtaji, alirudi kanisani kupitia dirishani. 'Malineo alisimama akamtazama mumewe, tuliyemzika, kuanzia kofia hadi viatu, kisha akamuuliza, "Umekula?" Akampeleka nyumbani, akampa papa na moroho, yaani ugali na mboga za majani, na mjomba alipomaliza alilalamika baridi, akauliza blanketi lake la zamani liko wapi, akajibiwa, "Tumelizika." Ndipo ikajulikana kwamba alikuwa ameliuza katika nyumba ya pombe, aliyelinunua ndiye aliyeangukiwa na mwamba, na yeye miaka yote hiyo alikuwa akiishi na mwanamke mwingine mjini, aliyemfungulia mlango atoke mapafu yalipoharibika kwa vumbi la mgodi.

Sisi ukoo wa Lebenya tuliinamisha vichwa. 'Malineo hakuinamisha chochote, alimwosha mumewe, alimgeuza kitandani, alimwinua apate pumzi, kwa zaidi ya miaka miwili, na siku moja mjomba alipomwambia, "'Malineo, nisamehe," alimjibu, akiwa na kijiko mkononi, "Sekhobe, wewe nilishakutua kanisani kabla hujarudi, sasa hivi nakulisha tu, fungua mdomo." Mjomba alicheka hadi akakohoa, akafungua mdomo. Alifariki kwa utulivu tarehe 22 Agosti 1986, akazikwa Jumamosi tarehe 30, kando ya blanketi lake.

Siku iliyofuata ukoo ulikaa uani, na mama yangu akatoa nguo nyeusi mpya, akamwekea 'Malineo mapajani, naye akazikunja vizuri, akamrudishia. Mama akasema mbele ya watu wote, "Mwanamke asiyemlilia kaka yangu hatakaa katika nyumba ya kaka yangu, wala hatalima shamba lake," na hilo halikuwa tishio la maneno matupu, kwani nyumba na mashamba mawili ndivyo vyote alivyokuwa navyo 'Malineo na watoto wake. Alisimama, si kwa hasira, akasema, "Wifi, mlinivika nyinyi, mkanivua nyinyi, kaburi nililolilia lile pale, sasa mnataka nimlilie mtu mmoja mara mbili kwa sababu blanketi lilisema uongo? Huyu mume nilimkabidhi kwa Mungu, na Mungu akaniazima tena nimuuguze, nimemuuguza, nimemrudisha alikotoka, nikivaa hizi nitakuwa nakwenda kumnyang'anya Mungu mzigo niliompa mwenyewe. Kama ni nyumba, chukueni, mimi nimejenga barabara, kibanda kitanishinda?"

Mzee Khabele, mkubwa wa ukoo wakati huo, aliomba ugoro, akanusa, akapiga chafya, akasema, "Kesi hii inanizidi, blanketi lina kaburi, mtu ana kaburi, na mwanamke ana kichwa kimoja tu cha kunyolewa, mwacheni akae." Akabaki na nyumba yake na mashamba yake, lakini mama yangu hakumsemesha tena, na mwaka uliofuata mvua ya mawe ilipopiga mahindi, wapo waliosema ni nguo zile alizozikataa, naye akawa anapita mbele ya nyumba yetu kila Alhamisi kwenda kwenye maombi, anasalimia, hajibiwi, anaendelea na safari yake huku anaimba.

Miaka ikaenda hivyo hadi tarehe 17 Mei 1997 alipofariki baba yangu, na mama akavikwa nyeusi yeye. Mjane aliyevaa nyeusi kwetu watu humpitia mbali, na mama aligundua ukubwa wa nyumba akiwa peke yake juu ya mkeka. Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi mlango ulibishwa, akaingia 'Malineo na blauzi yake nyekundu, na mama, ambaye hana ulimi mwepesi wa kushukuru, akamuuliza, "Umekuja kunicheka?" Marehemu akajibu, "Nimekuja kukaa, kucheka tutacheka ukishavua, hebu sogea." Akamshika mkono, ule mkono usioshikwa, na akarudi kila Alhamisi mwaka mzima, hakumwambia avue, hakumwambia "nilikuambia," aliomba naye, akamfundisha kuweka chini kimoja kimoja vile vilivyomlemea, baba yangu, upweke, na mwishoni ile hasira ya miaka mingi. Siku mama alipovuliwa nyeusi, blauzi nyekundu aliyovishwa ilikuwa imeshonwa na 'Malineo, na walicheka kweli, walicheka mpaka tukatoka nje kuangalia kuna nini.

Mwaka 1994 marehemu alikuwa ameacha kazi ya barabara, akachaguliwa kiongozi wa akina mama wa Alhamisi mwaka 1999 na kuongoza hadi 2012, na katika miaka ile ya ugonjwa tulipozika vijana kila Jumamosi, aliingia nyumba ambazo wengine walizikwepa, akaosha, akalisha, akaimba. Aligundulika na ugonjwa wa sukari mwaka 2011, akapata kiharusi tarehe 8 Machi 2019, akalazwa hospitali ya wilaya, akarudi nyumbani kwa ombi lake, na Jumapili tarehe 26 Mei, akiwa na nguvu kidogo, alituita, akasema, "Msinivalie nyeusi, hata kile kipande cha kitambaa cheusi cha begani, mkinivalia mtakuwa mnanibeba, na mimi mnanijua ni mzito." Alifariki Jumanne tarehe 4 Juni 2019, Lineo akiwa amemshika, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, ameacha watoto wawili, wajukuu saba, vitukuu watatu, na barabara moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, wanawake wa fato-fato mliobaki, ambao jana mmelifukia kwa mawe kaburi la msimamizi wenu kabla hata hajaingia humo, mpaka ikabidi muyatoe, majirani mliochota maji na kupasua kuni, mchungaji, chifu, na akina mama wa Alhamisi, ambao hatuna la kuwaambia zaidi ya kwamba alikuwa wenu kabla ya kuwa wetu.

Neno la mwisho. Jumatatu ukoo ulikutana, na wapo wazee waliosema ombi la marehemu ni gumu, hatujawahi kuzika mtu mzima bila kuvaa nyeusi, watu watasema hatukumpenda, na macho yote yakamgeukia mama yangu, kwa kuwa sasa yeye ndiye mkubwa wa ukoo, ana miaka themanini na nne, na nguo nyeusi za nyumba hii anazitunza yeye sandukuni. Akasema, "Nilimvika mara moja kwa makosa, nikataka kumvika mara ya pili kwa ukaidi, mara ya tatu sithubutu." Akaniambia nifungue sanduku, nikadhani nitoe nyeusi, kumbe anataka blauzi yake nyekundu, ile iliyoshonwa na wifi yake, nayo ndiyo mnayomwona ameivaa pale mbele, vifungo vyake havifungiki tena vizuri lakini amekataa kuivua.

'Malineo, tumekutii. Hatukubebi, tunakutua chini hapa, polepole, mbele za yule uliyemkabidhi sisi sote mmoja mmoja. Nyoosha mgongo, mama, upumzike kwa amani.