Eridadi Bwambale wa Karambi, Mkuu wa Wanne wa Bwera

Mtu tunayemlaza leo, Alhamisi tarehe 8 Novemba 1979, hapa nyumbani kwake Karambi, aliitwa Eridadi Bwambale. Maisha yake yanasomwa kwa Kiswahili kwa sababu wako hapa wageni wa mgodini, wa reli, na ndugu wa ng'ambo ya mpaka, na yeye hakupenda mtu akae mahali asielewe kinachosemwa.

Alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1926, hapa hapa Karambi, mtoto wa tatu wa Mzee Yeseri na Mama Naome. Walimtangulia dada yake Erina na kaka yake Zedekiah. Jina alilikuta linamngoja, kama ilivyo kwetu Wakonzo: mvulana wa pili ni Bwambale, katika nyumba hii na katika nyumba ya jirani. Mama Naome akisimama mlangoni kumwita Bwambale aje kula, walikuja watoto watano, na wote walikula.

Alisoma shule ya misheni Bwera, kuanzia mwaka 1935 hadi darasa la sita, mwaka 1941. Hakuwa wa kwanza, wala hakuwa wa mwisho. Mwalimu mkuu wa wakati ule alikuwa na mwendo wa kurusha mguu mmoja pembeni kama anayefukuza kuku. Siku moja alimkuta Eridadi anatembea hivyo hivyo mbele ya darasa zima, mikono nyuma. Alimchapa fimbo nne. Kisha akampeleka ofisini, akafunga mlango, akamwambia, "Sasa tembea tena, nione vizuri." Eridadi akatembea. Mwalimu alitazama mpaka mwisho, akamrudisha darasani. Wenzake wanasema tangu siku hiyo ule mguu wa mwalimu ulianza kunyooka.

Baada ya shule alilima pamba na kahawa pamoja na baba yake. Jumamosi tarehe 13 Desemba 1952 alifunga ndoa kanisani Bwera na Enid, binti wa kutoka Maliba. Mungu aliwapa watoto sita, wasichana watano na mvulana mmoja, wa kwanza wao Naome, aliyepewa jina la bibi yake. Enid ni mama wa maneno machache, na marehemu alimwogopa kuliko watazamaji wote. Kila mchezo mpya wa kuchekesha aliuonyesha kwanza jikoni. Enid akiendelea kumenya muhogo bila kisu kusimama, mchezo huo ulitupwa.

Habari ya michezo ilianza hivi. Mwaka 1956 aliandikwa kazi mgodini, na mwaka uliofuata akapelekwa kuhudumu katika kilabu ya Wazungu. Palikuwa na Waingereza wanne: mpimaji wa ardhi, karani, fundi wa umeme, na mwalimu wa watoto wao. Krismasi ya mwaka 1957 wanne hao waliweka meza moja, wakatundika blanketi kuwa pazia, wakacheza vichekesho vifupi vifupi. Kimoja hakikuhusiana na kingine. Mtu anaingia, jambo linamharibikia, pazia linafungwa. Mwaka wa kwanza walitazamwa na watu ishirini. Kufika mwaka 1960 magari yalitoka Fort Portal na Mbarara, viti havikutosha, na mara mbili waliitwa kucheza Kampala.

Aliyevuta lile blanketi alikuwa Eridadi. Kiingereza chao hakukijua sana, lakini alijua kila hatua na kila mahali watu watakapocheka. Jumamosi moja mwaka 1961 yule karani aliangushwa na malaria, na zamu yake ilikuwa mchezo wa mtu anayeshindwa kukunja kiti cha turubai. Mchezo huo hauna neno hata moja. Eridadi aliacha pazia, akaingia. Kiti kilimbana kidole, kikamfunga shingo, kikampeleka mpaka chini ya meza ya bwana mkubwa, na Wazungu walilia machozi. Siku hiyo ndipo alipojijua.

Mwaka 1963 wale Waingereza walianza kurudi kwao, mmoja mmoja. Wa mwisho, yule mwalimu, alimwachia sanduku la nguo za mchezo: kofia, miwani isiyo na vioo, na koti la afisa, la rangi ya majani makavu, lenye vifungo vya shaba. Akamwachia na maagizo mawili. Mchezo usizidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Na anayechekesha, yeye mwenyewe asicheke kabisa.

Mwaka 1964 Eridadi alirudi Bwera na kuanzisha kundi lake. Alimchukua Erifazi, fundi wa baiskeli. Semakula, Mganda mrefu wa reli aliyehamia kwetu. Na baadaye Nasani Bwambale, muuza chumvi, aliyekuwa mdogo wao wote. Watu waliwaita Wanne wa Bwera. Walianza siku za soko Mpondwe, juu ya magunia ya kahawa. Waliwacheza watu tunaowajua: mnunuzi wa pamba mwenye kidole kizito kwenye mizani, mchumba anayekula mpaka anasahau alichokuja kusema, afande anayechanganya majina ya kuruta. Mwaka 1968, sikukuu ya Uhuru, walicheza uwanjani Kasese mbele ya watu wasiohesabika. Walivuka mpaka wakafika Kasindi na Beni. Hakuna kundi la upande huu wa mlima lililofika mbali hivyo kabla yao, na hilo tunalisema bila aibu.

Lakini haifai kuficha kwamba si wote tulifurahi. Dada yake Erina, aliyeokoka mwaka 1949, alimwambia kuwa kicheko cha sokoni si kazi ya mtu aliyebatizwa. Eridadi alimjibu taratibu, "Dada, watu wametoka shamba wamechoka. Mimi nawapumzisha tu." Erina hakukubali, na kwa miaka tisa hakwenda kumtazama hata mara moja.

Basi ikafika Jumatano tarehe 14 Agosti 1974. Wanne walicheza Kisinga, mvua ikawakuta wanaondoka. Nasani alikuwa na homa na alikuwa na safari ya baiskeli mpaka kwao. Eridadi alifungua sanduku, akamvika lile koti la afisa kwa mikono yake mwenyewe, akafunga vifungo mpaka shingoni kama mama anavyomvika mtoto. Hakufikiri neno lingine ila mvua. Miaka hiyo raia kukutwa na nguo ya jeshi ilikuwa hatari ya maisha, nanyi nyote mnakumbuka. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walimsimamisha Nasani, wakamchukua na koti lake.

Eridadi alisikia asubuhi. Alipanda lori la kwanza mpaka kambini, upande wa Kasese, akaomba kumwona Bwambale. Askari wa getini alimuuliza, "Bwambale gani? Humu iko Bwambale tano." Walimpeleka kwa afande mkuu. Koti lilikuwa juu ya meza.

"Afande, hii ni nguo ya mchezo," Eridadi alisema. "Yeye hakuiiba. Ni mimi nilimvika, kwa sababu ya mvua."

"Mchezo gani?"

"Wa kuchekesha watu, afande."

Afande aligusa kifungo kimoja cha koti. "Kesho saa ine lete huo mchezo hapa. Askari yangu ikicheka, nitajua iko mchezo. Isipocheka, mutabaki hapa wote."

Alirudi Bwera akawaeleza wenzake yote, akawaambia kuwa kosa ni lake, na asiyetaka kwenda hatalaumiwa. Erifazi alikuwa na mtoto wa wiki mbili. Akauliza lori linaondoka saa ngapi. Semakula akasema yeye alikuwa na shida ya kufika Kasese hata hivyo, kununua sabuni.

Jikoni, Eridadi alimwonyesha Enid michezo mitatu, na kisu hakikusimama. Ndipo Enid alipomwambia, "Fanya ile ya majina." Eridadi alikataa, kwani mchezo ule ulikuwa na afande ndani yake. Enid akaweka muhogo chini. "Inamcheka afande asiyesikiliza," alisema. "Na sisi pia inatucheka. Fanya hiyo, baba Naome."

Ijumaa saa nne askari walikaa kwa mistari kwenye uwanja wa gwaride, wake zao na watoto nyuma karibu na nyumba. Walikuwa watu wa kila pembe ya Uganda. Nasani aliletwa kutoka mahabusu, mdomo umevimba, akapangwa mstari mmoja na Erifazi na Semakula. Eridadi alipewa koti, akalivaa, akashika karatasi, akasimama kama afande anayeita majina ya kuruta.

"Bwambale."

Watatu wakapiga hatua mbele.

"Nimeita mmoja."

Watatu wakarudi nyuma. Hakuna aliyecheka. Kila askari alikuwa anautazama mdomo wa afande mkuu, na mdomo ule ulikuwa umefungwa. Eridadi hakuharakisha. Aligeuza karatasi polepole, akaita Bwambale wa Karambi, wakaja watatu. Akaita Bwambale ambaye mama yake ni Masika, jina la binti wa kwanza wa kila nyumba, wakaja watatu. Akaita Bwambale Mkonzo halisi. Wakaja watatu, na Semakula mbele yao. Eridadi akamsogelea, akampima kwa macho kutoka viatu mpaka nywele, maana Semakula anawapita Wakonzo wote kwa kichwa kizima.

"Wewe pia ni Bwambale?"

"Tangu asubuhi, afande," Semakula akajibu kwa Kiswahili chake cha Kiganda.

Hapo nyuma akacheka mwanamke mmoja. Alikuwa Mayimuna, mke wa Sajenti Muhwezi, karani wa kambi aliyeandika majina ya waliokamatwa. Alijaribu kujiziba kwa leso akashindwa, akamwita mumewe mbele ya watu wote. "Baba Hamidah, iko wewe huyo. Juzi ulileta Bwambale ine, kuku iliyoibwa iko moja."

Wanawake wakaangua kicheko, kisha watoto, kisha mstari wa nyuma wa askari, kisha uwanja mzima. Sajenti Muhwezi mwenyewe aliinama akashika magoti. Afande mkuu alivua kofia akaiweka usoni, na mabega yake yakatikisika. Katika watu wote wa kambi ile, asiyecheka alikuwa Eridadi peke yake.

Afande alipopata pumzi alisema, "Koti inabaki. Mutu aende."

Eridadi alilivua, akalikunja vizuri, akaliweka miguuni pa afande. Wanne walitoka getini, wakatembea mpaka kambi haikuonekana. Ndipo Semakula akauliza kama sasa anaruhusiwa kurudi kuwa Mganda. Nasani akakaa chini kando ya barabara, akalia, na Eridadi akakaa naye mpaka akamaliza.

Jumapili iliyofuata dada yake Erina alikwenda kwake baada ya ibada. Alikuwa ameandaa maneno mengi ya kuomba msamaha. Eridadi alimkaribisha obundu, ugali wetu wa muhogo, akamwambia kula kwanza, na maneno yale hayakuhitajika tena. Siku ya soko Erina alikwenda Mpondwe, akasimama karibu na magunia, akacheka na watu.

Koti halikurudi. Eridadi alishona jingine la gunia, vifungo vyake vizibo vya soda, na mchezo wa majina ukapendwa kuliko zamani. Alifundisha pia. Leo shule za Karambi na Kisinga zinafunga muhula kwa michezo mifupi, wanawake wa Maliba wana kundi lao, na Kasindi kuna vijana wanaokata mchezo kabla chai haijapoa. Wengi wao hawajui kwamba jambo hili lilianzia nyuma ya blanketi, katika kilabu ambayo mtu wetu aliingia kubeba vikombe.

Mwaka 1977 moyo wake ulianza kumsumbua. Miguu ilivimba, na mlima ukamshinda. Alicheza akiwa amekaa, mpaka Krismasi iliyopita. Tarehe 22 Oktoba mwaka huu alilazwa katika hospitali ya misheni Kisinga. Wauguzi walimtunza kwa upendo, nasi tunawashukuru. Aliomba asomewe Zaburi kila asubuhi, na alijua yuko njiani kwenda wapi. Alifariki Jumanne tarehe 6 Novemba 1979, saa nne asubuhi, Enid na Erina wakiwa wamemshika mikono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Ameacha mjane, Enid. Ameacha binti watano, kuanzia Naome hadi Ithungu wa mwisho, na mwana mmoja, Yeseri, mwalimu wa shule. Ameacha wajukuu tisa, kaka yake Zedekiah, na dada yake Erina aliyeandika haya. Ameacha wenzake Erifazi na Semakula, waliochimba kaburi tangu alfajiri na kukataa kusaidiwa. Na ameacha Nasani. Ijumaa ile ya Agosti Nasani alikuwa hajaoa. Yuko hapa mbele na mkewe Feresita na watoto wao watatu. Mdogo ana miezi minne. Tunawaomba wasimame, wote watano, watu wawaone.

Bwana Yesu ampokee Eridadi, amlaze mahali pa amani.