Maisha ya Hiram Ngari, Pamoja na Aya Iliyokatwa

Ndugu waombolezaji, mimi ni Ciru, kitinda mimba wa nyumba hii, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu Hiram Ngari, na mtanivumilia, kwa sababu tangu jana sijatulia.

Hiram alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa Kitale, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Wanyoike na Mama Nyaruai, akasoma shule ya msingi Naitiri, ambako baba alikuwa amepata shamba, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1992, akasomea utabibu, na mwaka wa 2003 akahitimu kuwa mtaalamu wa nusukaputi, yaani dawa za usingizi na ganzi, akahudumu Bungoma miaka kumi na moja kabla ya kuhamishiwa Kitale. Tarehe 8 Desemba 2001 alimuoa Chepkorir, wakajaliwa Wanyoike, aliye mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Kibabii, na Nyaruai, aliye kidato cha tatu.

Hapa karatasi yangu inaruka hadi ugonjwa. Kaka yetu mkubwa, Gathogo, alikata aya moja jana mbele ya kamati ya mazishi, akaniambia, "Ciru, si hiyo tuiache, bana, watu wanakuja kumzika, hawaji kumhukumu." Lakini Hiram aliniapisha kitandani niisome, kwa hivyo kaka, utanisamehe.

Mwezi wa Mei 2024 hospitali ilipata mashine ya altrasaundi yenye akili unde, yaani AI, inayopaka neva rangi ya manjano kwenye kioo ili anayedunga sindano ya ganzi ajue inakopita, na Hiram aliipenda mno. Tarehe 19 Agosti alimdunga Mama Nakhungu wa Tongaren, aliyekuwa amevunjika mkono, mama akalalamika, "Daktari, hapo inachoma mpaka kwa vidole," naye, kwa kuwa kioo kilionyesha neva iko kando, akamwambia avumilie kidogo, akaendelea kusukuma dawa. Mashine ilikuwa imepaka rangi msuli, na neva yenyewe ilikuwa pale pale penye sindano. Tangu siku hiyo vidole vitatu vya Mama Nakhungu havishiki kitu, na alikuwa akikama ng'ombe wanne kila asubuhi.

Hiram aliandika ripoti mwenyewe, akaenda Tongaren mara tatu kuomba radhi, na mashine hakuikataa, maana iliwasaidia wengi, ila aliwafundisha wanafunzi kutazama kwanza bila rangi, na mgonjwa akisema inachoma, sindano itoke, kioo kiseme kisemavyo. Hata hivyo hakupata raha tena, alikuwa akiacha chakula mezani na kwenda kusimama uani peke yake.

Aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho Oktoba 2025, akatuacha tarehe 3 Februari 2026, saa kumi alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Naitiri waliotupikia, wafanyakazi wenzake, na Mama Nakhungu, ambaye ameketi pale mstari wa pili. Hiram, nimeisoma yote, naye amesikia. Hajasema kama amekusamehe, nami sijamuuliza. Pumzika kwa amani.