Masale Katikati ya Shamba la Mama Edgar

Ukipanda kutoka Soni kuelekea Vuga, kuna njiapanda ambayo ukungu huifikia kabla ya basi. Hapo, kwenye baraza la duka la mbolea, ndipo lilipo benchi letu, na hapo ndipo Abdi anapomimina kahawa chungu tangu asubuhi mpaka birika liishe. Mimi ni fundi cherehani wa baraza hilohilo. Miguu yangu iko kazini, masikio yangu yako kijiweni, na nakuambia kweli, kama maneno yangekuwa mbolea, wilaya nzima ingeshiba kabichi. Wenye benchi ni watatu. Mzee Kornelio tunamwita Katiba, kwa sababu alikuwa tarishi wa mahakama na hawezi kuomba hata chumvi bila kutaja sheria. Eliya ni Antena, hakuna uvumi unaompita. Rajabu ni Breki, dereva wa lori la mboga, na jina hilo amepewa kwa kuwa lori lake halina breki na mdomo wake pia hauna.

Mchana huo mbele yao alisimama Efrazia, mjane ambaye sote tunamwita mama Edgar. Alikuwa Bumbuli akimuuguza bintiye. Huku nyuma, mradi wa hifadhi na urithi, ule wenye bango kubwa linalosema ni fedha za umma, ukapitisha njia ya wageni katikati ya mashamba, kupanda hadi kwenye msitu wa makaburi ya machifu wa zamani. Njia hiyo yeye mwenyewe aliikubali kabla hajaondoka. Asichokikubali ni kitu alichokikuta kando ya njia: masale, ile mimea ya majani marefu, mstari mzima, umelikata shamba lake vipande viwili. Na huku kwetu sale si ua la kupambia. Sale ni mpaka. Likishasimama limesema, na asiyelipanda hathubutu kuling'oa, maana balaa lake linafuata ukoo.

Mama Edgar: Shikamoo mzee Katiba.

Katiba: Marahaba mama. Onga mshi, za mchana?

Mama Edgar: Mimi niwedi, sijambo. Shamba ndilo si niwedi. Shemeji yangu ameshaanza kukatua kule bondeni, ng'ambo ya masale. Nimemuuliza, ananijibu, "Shemeji, mpaka umesema." Mzee, lile bonde ndilo lenye maji. Kiangazi chote nakula pale. Hayo masale yametoka wapi?

Antena: Kaa mama, kaa. Hili nimeshalinasa. Wale si watu wa urithi hata kidogo. Wanatafuta dhahabu ya Mjerumani.

Breki: Dhahabu kwenye kabichi?

Antena: Ndio ujanja wenyewe! We ungetafuta dhahabu kwenye kabichi?

Breki: Mimi siwezi.

Antena: Basi na Mjerumani alijua kuwa wewe huwezi. Yule kijana wa mradi mwenye kofia, hukuona kile kidude chake? Akifika kwa mama Edgar kinalia tii, tii. Akitoka kinanyamaza.

Abdi: Kile si simu yake? Alipigiwa na mkewe.

Antena: Wewe mimina kahawa.

Katiba alikohoa. Akikohoa hivyo, ujue sheria inakuja.

Katiba: Kwa mujibu wa sheria za hifadhi, msitu unaweza kuongezwa. Nawaambia, ule msitu unashuka. Zamani mwisho wake ulikuwa kule kwenye jabali. Leo umefika kwa mama Edgar. Kesho kutwa tutakuta masale yamezunguka benchi hili, tuambiwe tulipie kiingilio kukaa. Wahenga walisema, mti hauendi ila kwa nyenzo. Nyenzo ndiyo huo mradi.

Breki: Mzee, hiyo methali sidhani kama inahusu msitu kutembea.

Katiba: Mimi nimekaa mahakamani, wewe umekaa kwenye lori. Nani anajua maneno?

Mama Edgar: Wazee wangu, dhahabu siitaki, na msitu siugombei. Nataka bonde langu.

Lakini nani alimsikiliza? Kijiwe kikishawaka, mwenye shida yake huwa kuni tu.

Breki: Nyote mmepotea. Hawa wanauza hewa. Wanahesabu miti, huko Ulaya wanalipwa, hilo hata watoto wa shule wanalijua. Sasa miti imewachosha, wamehamia kwenye ukungu.

Abdi: Ukungu?

Breki: Ukungu huuhuu! Pale Mombo nimeyaona malori yenye matangi meupe, hayana hata neno ubavuni. Tangi lisilo na neno linabeba nini kama si kitu cha wizi? Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Ukungu si unaelea? Basi umeundwa, una mwenyewe, na mwenyewe si sisi.

Abdi: Wakiuchukua ukungu, kahawa yangu atakunywa nani kwenye jua?

Antena: Hamjafika bado. Nyie mnazungumzia juu, mimi nipo chini. Yale si makaburi. Ni mlango. Kuna handaki kutoka hapa mpaka Amani, linapita chini ya bonde zima. Kwa nini masale yamenyooka vile? Yanafuata handaki!

Hapo sindano ilinikatikia kwenye pindo la sketi ya mteja. Nilikasirika, na si kwa sababu ya sindano. Mama wa watu amesimama, shamba linalimwa na mwingine saa hiyohiyo, na hawa wanamchimbia handaki mpaka Amani.

Mama Edgar naye alichoka.

Mama Edgar: Mzee Katiba, nakuuliza kama mzazi. Nifanye nini?

Katiba akaweka kikombe chini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akazungumza kama mtu.

Katiba: Hili si la mahakama, mama. Hili ni la wazee. Sale hung'olewa na aliyelipanda, kwa mkono wake, mbele ya majirani, naye aseme kwa sauti kwamba alikosea mahali. Akishasema hivyo mpaka umefutika, na shemeji yako hana neno. Mwingine akigusa, hata uwe wewe mwenye shamba, umejiletea msiba.

Antena: Hapo mzee umesema.

Breki: Hapo hata mimi nakubali.

Wakati huo mwalimu Zuhura alikuwa ameshafika kuchukua sketi yake, hiyohiyo iliyonivunjia sindano. Ni mgeni, katoka Tanga, bado anavaa sweta mbili. Alitoa shikamoo kwa wote, akangoja niweke sindano nyingine, na alipokosa cha kufanya akawageukia.

Zuhura: Samahani wazee, mimi mgeni. Kama aliyeyapanda ndiye anayetakiwa kuyang'oa, si aitwe tu aje? Ni nani aliyeyapanda?

Basi, Katiba akakichukua tena kikombe chake, na wenzake wakageukia barabara.

Na mimi jibu nalijua, kwa sababu masale yenyewe yalikatwa kwenye ua wa nyuma ya baraza hili. Wale vijana wa mradi walitaka kitu chochote cha kijani cha kupendezesha njia. Hawakutaja masale, wala hawajui sale ni nini. Waliosema masale ni rahisi, unakata, unachomeka, yanashika bila kumwagiliwa, ni hawa waliokuwa wamechukua kibarua. Katiba alishika kamba mstari unyooke. Antena alichimba mashimo. Breki aliyabeba kwa lori. Kazi ya mradi, wakadhani, haina mila, na sale likipandwa kwa mshahara linakuwa ua tu.

Mama Edgar aliwatazama mmoja mmoja, taratibu.

Mama Edgar: Kumbe ni nyie.

Katiba: Mama, kwa mujibu wa...

Nilimwonea aibu, mzee mzima anatafuta sheria ya kujifichia na haioni.

Breki: Tulijua ni urembo, mama. Haki ya Mungu.

Mama Edgar: Shemeji hakujua ni urembo.

Antena, ambaye sijawahi kumsikia akinong'ona, alinong'ona.

Antena: Lakini mama, ile sasa ni mali ya umma. Bango limeandikwa. Tukiyang'oa, si tutaambiwa tumeharibu mradi? Tukifungwa je?

Zuhura alinitazama kama vile mimi ningejua. Hata Katiba, aliyejua kila kifungu tangu asubuhi, alikuwa anachungulia ndani ya kikombe kitupu.

Mama Edgar alijifunga kanga yake kiunoni.

Mama Edgar: Nakwenda kuwaita majirani wasimame shambani. Njooni na majembe yenu. Mkifungwa, chakula nitawaletea mimi.