Mzee Johana Kimeli, Mtu wa Chai Aliyepelekea Bahari Mursik

Nimeinua mkono mbele ya jeneza, mbele ya pasta na mbele ya nyinyi wote wa Roret, na wale mmetoka Sigor na Kabianga, naapa kwa sauti kubwa mpaka wale wamekaa nyuma kwa migomba wasikie, hakuna neno moja ya uongo kwa historia hii, na kama nimetia chumvi hata ya ncha ya kisu, niondoke hapa nikiwa bubu.

Mzee Johana Kimeli, ndugu yangu mkubwa, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958, hapa hapa Roret, siku ambayo mvua ya mawe ilianguka mawe kama ngumi ya mtu mzima, ikalaza mahindi ya kijiji mzima, lakini kwa boma yetu haikuguza hata jani, na wazee wakasema huyu mtoto atajuana na maji.

Alisoma shule ya msingi mpaka darasa la nne, akatoka mwaka wa 1970 kwa sababu ng'ombe ilikuwa mingi na wachungaji ilikuwa yeye peke yake, akaenda jandoni Desemba 1974, na alipotoka huko akaandikwa kazi ya kuchuma majani kwa shamba kubwa za Kericho, na huko alichuma mpaka msimamizi akamwomba apunguze mwendo kwa sababu lori ilikuwa inajaa kabla ya wengine kufika mstarini.

Mwaka wa 1981 alirudi nyumbani akapanda chai yake mwenyewe, na tarehe 3 Septemba 1983 akaoa Jerusa, msichana wa Kabianga, mama huyu amekaa hapa mbele na leso nyeusi, na Mungu akawabariki na watoto watatu, Chepkirui, Noah na Nelvine, na wakati huo wote alikuwa mwenyekiti wa kituo chetu cha kuuza majani, na hakuna karani alithubutu kucheza na mizani akiwa hapo amesimama.

Sasa hapa ndio nataka mnyamaze kidogo.

Noah ndiye kijana pekee, na baba yake alikuwa amemkatia shamba ya chai kule chini karibu na mto, lakini mwaka wa 2013 Noah akapata kazi bandarini Mombasa, kazi ya kuendesha kreni, akaenda, na mzee akasimama kituoni mbele ya watu wote akasema, "Umeacha udongo umefuata maji, basi kula maji," na tangu siku hiyo simu ya Noah ilikuwa inapokelewa na mama peke yake, na ile shamba ya mto mzee alikataza mtu asiguse, na nyinyi mnajua chai isipochumwa inakuwa miti, ile ilikuwa miti mpaka tai wakajenga huko juu.

Miaka kumi na moja ikaenda hivyo, mpaka mwaka wa 2024, wakati meli zilianza kuzunguka mbali kwa sababu ya vita kwa bahari ingine huko, na chai ikakwama, malipo haiji, na watu hapa kituoni wakashika mapanga wakisema wanang'oa chai, na mzee mwenyewe alikuwa anasema chai imeliwa na wakubwa wa kiwanda. Ni Phelix, huyu jirani wetu wa kutoka upande wa ziwa, mpakiaji wa kiwanda, ndiye alimwambia, "Mzee, hakuna mtu amekula, chai iko Mombasa kwa stoo, inangoja meli." Mzee akamuuliza, "Yaani mimi nachuma hapa na mimi nalipwa na maji?" Phelix akacheka, akamwambia, "Hata hiyo mbolea unatia imekuja na maji, mzee, na dizeli ya lori, na hiyo gamboti umevaa, na simu umekataa kuongea na kijana wako."

Nilikuwako. Mzee alivua gamboti moja akaiangalia ndani na nje, kama mtu ambaye amepewa mgeni hamjui, na siku ya tatu akaniita akasema, "Ndugu yangu, kila wiki tangu tupande hii chai tunapeleka jani huko, haijarudi hata moja, na mali inakuja kama mahari, hiyo si biashara, hiyo ni msichana tumeoza, na hatujawahi kwenda kuona boma iliyomchukua." Nikamwambia bahari haina boma. Akaniambia nyamaza, mtu wa kwetu akioza msichana anaenda kusalimia wakwe na haendi mkono tupu, na Jerusa akatayarisha kibuyu cha mursik, maziwa ya kulala ya ng'ombe yetu mweusi, ile ilikuwa inajaza ndoo tatu kwa kukaa chini mara moja.

Tukasafiri watatu, mzee, Jerusa na mimi, na kibuyu kimefungwa kwa shuka kama mtoto mchanga, na Jerusa ndiye alikuwa amempigia Noah, kwa hivyo alitupokea Mombasa, na baba yake akamsalimia kwa mkono bila kumwangalia, akasema tu, "Tuonyeshe mwenye hapa."

Watu wangu, mimi nimetembea Kenya hii, lakini ile kitu ni kubwa, unaangalia mpaka macho yako inachoka kabla yake. Noah alitupeleka Kwale kwanza, tukakuta akina mama wanapanda mwani ndani ya maji kwa kamba, laini kwa laini, sawa kabisa na vile sisi tunapanda chai, wanavuna, wanaanika, wanauza ng'ambo, na Jerusa akamwuliza mmoja, "Na mvua ya mawe ikikuja?" Huyo mama akacheka mpaka akashika kamba, akasema, "Ikija huku, mama, inayeyuka." Tukaonyeshwa mikoko, miti inasimama kwa chumvi na haifi, na chini yake samaki wadogo wengi kuliko siafu, na mzee akainama akasema pole pole, "Kumbe hii ni nasari," kwa sababu mkulima akiona miche anaijua, na akauliza nani anailinda, akaambiwa ni wanakijiji, akavua kofia.

Halafu tukaenda bandarini, na huko sitaweza kueleza vizuri, meli moja ni ndefu kutoka soko ya Roret mpaka kanisa na ukizidisha, na kreni shingo yake imeingia mawinguni, na Noah akapanda huko juu mpaka akawa kama inzi, na sisi tukasimama kwa laini ya wageni na makofia ya plastiki. Mzee alikuwa ameshika kibuyu, anatafuta mlango wa hii boma, kwa sababu maziwa haimwagwi ovyo, akaniuliza mara nyingi, "Mkwe ni nani hapa, nimpatie nani?" Konteina ikapanda, ikapita juu yetu, ikalala kwa meli bila sauti, na Noah aliposhuka akasema, "Baba, hiyo ilikuwa chai, imetoka huko kwetu. Ile wewe unachuma, mimi ndiye mtu wa mwisho kuishika Kenya."

Mzee aliangalia ile konteina, akaangalia kijana yake. Halafu akafungua kibuyu, akampatia Noah anywe kwanza, mbele ya wale wafanyakazi wote, na yeye mwenyewe akapiga magoti kwa simiti, mzee wa miaka sitini na sita, akasema, "Kijana yangu, nilikulaani na wewe ndiye ulikuwa unapokea msichana wangu, nisamehe," na Noah akamwinua haraka kama kitu ya kuanguka, na maziwa ilikuwa mdomoni bado hajameza.

Tuliporudi, watu wakiuliza, mzee alikuwa anawaambia hii nchi iko na shamba mbili, moja ni udongo na ingine hatujui hata mwisho wake, na tunailisha takataka, na mapanga ikarudishwa nyumbani, na yeye mwenyewe akashuka mtoni akakata ile miti ya chai ya Noah mpaka magotini, na sasa imechipuka, mtapita hapo mkienda kaburini.

Alianza kuugua Machi 2025, ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu Kericho mara mbili kwa wiki, Noah akachukua likizo akambeba mwenyewe kwa mgongo mpaka barabarani wakati wa matope, na tarehe 9 Oktoba 2025, saa tisa mchana, akapumzika akiwa ameegemea kifua ya huyo kijana.

Familia inashukuru daktari na manesi waliomwangalia bila kuchoka, majirani waliokamua ng'ombe yetu miezi hiyo yote, wenzake wa kituo, Phelix na watu wa kiwanda, na hawa vijana wa bandari wamesafiri usiku mzima kutoka Mombasa kuja kushika jembe.

Lala salama, ndugu yangu, udongo wa Roret ukulalie mwepesi. Na nyinyi, ile ya mzee kupiga magoti, nawaomba, mkitoka kwa hii geti msimwambie mtu, si kwa aibu, ni kwa sababu hiyo aliachia Noah, na urithi wa mtu hautembezwi sokoni.