Binti Yetu na Likizo Zake Mbili

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioomba ruhusa kazini ili mje kusimama nasi leo, historia hii nimeiandika mimi mama yake, na anawasomea baba yake mdogo kwa niaba ya familia, nami nimemwomba asiruke mstari, hata pale anapotajwa yeye mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 2003, katika hospitali ya mji huu huu, mtoto wa pili na wa kike pekee wa dereva wa lori na mshona nguo. Alianza shule ya msingi mwaka 2010, ile iliyo nyuma ya soko, akamaliza mwaka 2016, akaendelea na sekondari hadi 2023, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, alikuwa mtu wa kumaliza alichoanza, na Oktoba mwaka huo akaingia chuo kusomea uhasibu, akawa mwaka wa tatu mauti yalipomkuta.

Kuhusu kazi, niliambiwa niandike kwamba alikuwa mwanafunzi, basi, nipite. Sikupita, kwa sababu maneno yaliyosemwa juzi sebuleni kwangu yanahusu hapo.

Likizo ndefu ya mwaka 2024, baba mdogo alizunguka kwenye ofisi za watu mpaka akampatia nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwa wakaguzi wa hesabu, akamnunulia na viatu, na binti alikwenda kila siku, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine ya nakala, akatoa nakala, akapeleka chai, wakubwa hawakuwa na muda wa kumwonyesha kitu, si kwa ubaya. Mwaka uliofuata nafasi ile ilikuwepo tena, yeye akaenda kuomba kibarua katika chumba cha kufulia cha hoteli. Baba mdogo alikuja nyumbani, hakukaa, akamwuliza, "Mtu anasoma chuo ili akafue mashuka ya wageni?" Akamjibu, "Baba mdogo, ofisini nimejifunza kungoja, na nimefaulu, sasa niache nijifunze kuchoka." Tulicheka wote isipokuwa mwulizaji, na hakukanyaga tena kwetu hadi msiba huu.

Huko kufulia, msimamizi wao, anayeitwa Mama Mvuke, alimbandika jina la Mhasibu kwa kumtania, maana siku ya kwanza alichanganya taulo za bwawa na za vyumbani, ikabidi zote zirudishwe kwenye mashine. Jioni alirudi mikono imevimba, analalamika kama mtu mzima, anajua nani mtegeaji na nani ameacha mgonjwa nyumbani. Sisemi kila kijana wa chuo akafue. Wenzake wawili waliong'ang'ania ofisi wameshaahidiwa ajira, hilo nalo ni kweli, alilijua, na lilimnyima raha. Likizo ya mwisho ilikuwa inakuja, milango yote miwili ikiwa wazi, na alikuwa hajaamua.

Hakuolewa, na hakuacha mtoto.

Mwishoni mwa likizo ile ya kufulia, Mama Mvuke alimwambia, "We Mhasibu, unahemaje hivyo na umebeba foronya tu?" akamshika mkono akampeleka hospitali mwenyewe. Madaktari walikuta valvu za moyo zimeharibika tangu utotoni, kwa maradhi ya koo, yale ambayo mtoto huugua, akapona, watu wakasahau. Hapa msibani imesemwa kwamba mvuke na sabuni ndivyo vilivyomuua, na wanawake wa kufulia wakaonyeshwa pa kukaa, nje, karibu na masufuria. Daktari ametuambia, mimi na mume wangu, kwamba kazi haikumpa ugonjwa huo, na kwamba asingepelekwa siku ile tungempoteza mapema zaidi. Shemeji, tafadhali rudia hapo, walio nyuma hawakusikia. Kazi haikumpa ugonjwa huo.

Alikuwa akingoja upasuaji, akafariki wodini asubuhi ya tarehe 11 Februari 2026, akiwa na miaka ishirini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia na kutulazimisha kula, walimu wake na wanachuo wenzake. Tunamshukuru baba yake mdogo, aliyetafuta ile nafasi kwa miguu yake mwenyewe, alimtakia mema na binti alilijua hilo. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake, nimeandika wafanyakazi wenzake kwa makusudi, na ninaomba watoke huko nje waje wakae mbele na familia, msomaji atangoja mpaka wawe wameketi.

Ahsanteni. Mtakaorudi nyumbani mkabishane na watoto wenu kuhusu likizo, bishaneni, sisi hatuna tena wa kubishana naye.

Pumzika kwa amani, mwanangu, huna tena pa kuwahi.