Chupa ya Tarehe Tisa Machi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada, na ukurasa wa pili aliuandika mwenyewe akaniapisha nisiruke hata mstari, kwa hiyo mtanivumilia.

Dada alizaliwa tarehe 14 Agosti 1963, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha nguo, ambako siku moja alichezea mtaro wa maji ya rangi akarudi na vidole vya buluu, akachapwa, na kesho yake akarudi na vya kijani. Alisoma shule ya msingi mwaka 1970 hadi 1976, sekondari hadi 1982, akasomea kemia chuo kikuu na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1996.

Tarehe 2 Februari 1997 aliajiriwa katika maabara ya utafiti, akitengeneza rangi za kutibu saratani, ambazo mgonjwa hudungwa, zikatulia ndani ya uvimbe bila kufanya lolote, mpaka daktari aumulike kwa mwanga mwekundu, hapo ndipo zinapoziua seli mbaya. Rangi hizo zikipigwa na jua kabla ya wakati hupauka zisifae tena, ndiyo maana dirisha lake lilikuwa na pazia jeusi na kila chupa ilivikwa karatasi ya alumini, nasi tulimtania kwamba anapika gizani kama mdokozi wa sukari.

Aliolewa tarehe 20 Desemba 1990 na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti mwaka 1992 na mwana mwaka 1995.

Sasa ukurasa wa pili. Tarehe 9 Machi 2009 rangi aliyoihangaikia miezi kumi na moja ilikutwa imepauka, pazia liko wazi, na fundi wa maabara, ambaye kulifunga ilikuwa kazi yake, alikana, lakini dada alimshutumu mbele ya wenzake wote, fundi akahamishiwa stoo, na watu wakambandika jina la Pazia ambalo amelibeba hadi leo. Tarehe 12 Januari 2023, akipanga madaftari yake awaachie wanafunzi, dada alikuta mwandiko wake mwenyewe wa siku ile, saa nne na dakika kumi asubuhi, kwamba amefungua pazia na kuivua chupa karatasi ili aitazame rangi juani, nayo ni nzuri ajabu. Furaha ilimsahaulisha kufunga, akasahau hata kwamba alifungua. Alimpigia fundi simu mara tatu akakata kabla haijapokelewa, aibu ilimshinda, na hapo, jamani, nampenda dada yangu lakini alikosea mara ya pili.

Alianza kuugua figo mwezi Mei 2021, akafariki hospitalini tarehe 3 Juni 2023, saa tisa alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotupikia, wafanyakazi wenzake, na wewe, ndugu fundi, ambaye tangu juzi uko hapa ukitupangia viti bila kujua kilichomo katika karatasi hii. Pazia hukuliacha wazi wewe. Daftari liko hapa mezani, kila mwenye macho aje alisome, na dada anakuomba msamaha mbele ya watu walewale.

Pumzika, dada, ulilonituma nimelifikisha.